Simba Mmoja kwa Kambare Mmoja

Nchi hii haipo. Na kama ipo, basi ni ya jirani. Msomaji akikuta humu jambo linalofanana na la kwao, afunge kitabu kwanza, achungulie dirishani, ahakikishe hakuna anayemtazama, ndipo aendelee kusoma.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo palikuwa na mzee aliyeitwa Lukindo, na kazi yake ilikuwa kubeba sinia. Si sinia la pilau. Lilikuwa Sinia la Taifa, la shaba, lenye kawa la ukili juu yake, na lilibebwa mara moja tu kwa mwaka. Siku nyingine zote Mzee Lukindo alilisugua kwa majivu na ndimu, akalirudisha kabatini, akaenda zake nyumbani akiwa mtu wa maana kuliko majirani zake. Hakuwa mnyenyekevu. Alijifunza kusoma namba ukubwani, kwenye madarasa ya ngumbaru, na tangu siku hiyo hakumwamini mtu yeyote aliyetaja namba bila kuiandika.

Asili ya sinia ni hii. Ng'ambo ya mto palikuwa na nchi ya pili, na nchi zote mbili zilizaliwa asubuhi moja. Mkoloni alipoondoka aliondoka kwa haraka, akasahau kasha moja la sarafu tupu zisizo na picha. Wazee wa kingo mbili wakaligawana nusu kwa nusu, sarafu kwa sarafu, zote za madini mamoja na uzito mmoja. Wa ng'ambo hii wakagonga juu ya sarafu zao picha ya simba anayenguruma. Wa ng'ambo ile, ambao siku hiyo walikuwa wamekula samaki na hawakuwa na haraka, wakagonga picha ya kambare.

Ng'ambo hii watu walicheka siku tatu.

Wazee wa kingo mbili wakakubaliana kwamba kila mwaka, siku ya uhuru, katikati ya daraja, wale watatoa kambare mmoja na hawa watatoa simba wanaomtosha kambare huyo. Masharti yalikuwa matatu. Mshika Sinia abebe peke yake, kwa mikono yake miwili. Afunue kawa, aonyeshe fedha mbele na nyuma, pande zote mbili zione. Kisha ataje kwa sauti alichotoa na alichopokea. Sharti moja likivunjika, undugu umevunjika.

Mwaka wa kwanza Lukindo alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mwenye kifua kama mlango. Akafunua kawa, akanyanyua sarafu moja kwa vidole viwili, akasema, "Nimetoa mmoja, nimepokea mmoja!" Ng'ambo ya pili aliyemjibu alikuwa kijana mwenzake, Pazi, mshika sinia wa Kambare. Makabila yao yalikuwa watani tangu enzi za mababu.

"Mtani," Pazi akamnong'oneza, "huyo simba wenu mbona kafungua kinywa? Ana njaa?"

"Anamtazama kambare," Lukindo akamjibu. "Anatafuta ndimu."

*

Mwaka wa saba alibeba simba saba. Serikali ilieleza kwamba hakuna kilichoharibika: simba wetu wamezaa, ndiyo maana ni wengi. Redio ya Taifa ilitangaza sherehe mubashara, ila Lukindo alipofika kwenye namba, mtangazaji alishikwa na kikohozi. Kikohozi hicho kilimrudia kila mwaka siku hiyohiyo, dakika hiyohiyo, na madaktari wa serikali hawakukipatia dawa.

Mwaka wa kumi na tatu alibeba simba tisini wa karatasi, kwa sababu madini yote ya nchi yalikuwa yameyeyushwa kutengeneza sanamu ya simba mlangoni pa Ikulu. Sanamu ilikuwa nzuri sana. Watu walipiga picha mbele yake wakiwa wamebeba mifuko ya noti za kununulia sabuni.

Mwaka wa ishirini na nne alibeba simba elfu nne, kwa mabunda, hadi kidevuni. Alipofika katikati ya daraja kitu kilipasuka chini ya tumbo lake. Hakudondosha hata noti moja. Akafunua, akaonyesha mbele na nyuma, akasema, "Nimetoa elfu nne, nimepokea mmoja," ndipo akazimia. Ngiri ile haikupona. Maprofesa waliandika vitabu vinene kuhusu historia ya fedha ya nchi ile. Lukindo hakuhitaji kuvisoma, historia yenyewe ilikuwa kinenani mwake, na ilimsumbua mvua ikitaka kunyesha.

Mwaka uliofuata Mtukufu Rais alitangaza Operesheni Kata Mkia. Sifuri zilikatwa, noti zikabadilishwa, na fedha ikapewa jina jipya, Simba Dume. Miaka sita baadaye ikaitwa Simba Dume Mtukufu. Kila jina liliporefuka, fedha ilifupika. Waziri wa Hadhi ya Sarafu alitamka bungeni kwamba simba hajawahi kushuka hata inchi moja. Ni ardhi iliyopanda, kwa chuki. Katika lifti ya wizara yake kiliondolewa kitufe cha kushukia. Watumishi wakawa wanapanda kwa lifti na kuteremka kwa ngazi, na waliouliza sababu walipandishwa zaidi, hadi paani, wakaachwa huko wakatafakari.

Na ng'ambo ile? Ng'ambo ile kambare alibaki kambare. Ile ile sarafu, ndevu zile zile. Pazi aliileta kila mwaka kwenye sahani ya chai.

"Mtani," alisema mwaka wa arobaini, "sisi hatuna cha kujivunia. Tumezembea hata kuongeza sifuri moja."

"Nyamaza, mla matope."

"Nimenyamaza. Mgongo vipi?"

"Mgongo ni wa taifa. Usiuulize."

*

Mwaka wa hamsini ukakaribia, mwaka wa Jubilei. Wizara ikatoa kitabu cha shule chenye picha ya simba jaladani, kikieleza kwamba tangu uhuru hadi leo simba mmoja amekuwa sawa na kambare mmoja, na anayekumbuka vinginevyo anaumwa. Walimu waliamriwa wakifundishe.

Binti wa pekee wa Mzee Lukindo, Semeni, alikuwa mwalimu wa hesabu. Alikifundisha kitabu neno kwa neno, kama alivyoamriwa. Kisha, kwa kuwa mtihani lazima uwe na swali, akaandika ubaoni: "Ikiwa simba mmoja ni sawa na kambare mmoja, eleza kwa nini mama yako huenda kununua chumvi na toroli."

Darasa zima lilipata mia kwa mia. Semeni akapata Chuo cha Hesabu za Kizalendo.

Chuo hicho kilikuwa na ukuta, walinzi na mbwa, lakini kiliitwa chuo, na waliofungwa humo waliitwa wanachuo. Muda wa masomo ulikuwa hadi mwanachuo aelewe. Semeni alikuwa na miezi mitano humo na alikuwa haelewi. Alikuwa ameanza kukohoa, si kikohozi cha redio, kile cha kweli.

Siku moja gari jeusi lilimfuata Mzee Lukindo nyumbani likampeleka wizarani. Akapandishwa kwa lifti hadi kwa Waziri, Mheshimiwa Dokta Kirumbizi, mtu mnene mwenye sauti ya mtu anayehutubia hata akiomba chumvi.

"Shikamoo, mzee wangu!" alisema Waziri. "Keti. Chai? Biskuti? Hizi biskuti zinatoka ng'ambo, lakini tumezizoesha uzalendo."

"Marahaba, Mheshimiwa. Biskuti sili, meno ni machache."

"Mzee wangu, wewe ni hazina. Washika sinia wote tuliowahi kuwa nao ni wewe. Miaka hamsini! Taifa linakuomba jambo dogo. Siku ya Jubilei, ukishapokea, utasema maneno haya." Akasoma kwenye karatasi yenye muhuri. "'Nimetoa mmoja, nimepokea mmoja, na ndivyo ilivyokuwa tangu awali.' Basi. Hata parandesi linaweza."

Neno hilo la mwisho Mzee Lukindo hakulifahamu, na Waziri pia hakulifahamu, lakini lilikuwa na uzito wa kisomi.

"Mheshimiwa, mimi nilitaja saba. Nikataja tisini. Nikataja elfu nne nikazimia. Watu walisikia."

"Walisikia kikohozi."

"Na mwaka huu kambare anatoshwa na simba wangapi?"

Waziri akatazama mlango, akaandika kwenye kipande cha karatasi. Iliandikwa moja, kisha sifuri, kisha sifuri, karatasi ikaisha, akageuza upande wa pili. Zilikuwa sifuri ishirini na nne.

"Hizo nitazibeba kwa nini, Mheshimiwa? Kwa meli?"

"Hapo ndipo akili ya serikali!" Waziri alisimama kwa furaha. "Tumechapisha noti moja. Moja tu! Noti moja kwa sarafu moja. Uongo uko wapi? Nionyeshe uongo, mzee wangu, niuchape viboko."

Mzee Lukindo aliutafuta uongo akauona, lakini alikuwa amekaa mahali ambapo kuuonyesha si adabu.

Waziri akatoa karatasi ya pili. "Hii ni amri ya kumtoa mwanachuo Semeni Lukindo. Imeshasainiwa na Mtukufu mwenyewe. Soma hapa: 'Baba yake akishatamka maneno, atolewe.' Na usipoyatamka, mzee wangu, binti ataendelea na elimu. Elimu haina mwisho."

*

Alimwona binti yake kesho yake, kwa dakika kumi, waya ukiwa katikati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Chakula chao kina sifuri nyingi." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakaa muda mrefu. "Mgongo?"

 Mzee akamweleza yote, kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye viatu vya askari. Akamaliza kwa kusema, "Semeni, miaka hamsini sijataja namba ya uongo. Ndicho kitu pekee nilicho nacho. Nyumba ni ya kupanga."

Semeni alishika waya. "Baba, mimi sitakwambia usiseme. Ningekuwa shujaa ningekwambia. Usiku sipumui vizuri."

"Basi nitasema."

"Sema. Lakini fanya kazi yako kama ulivyoifanya siku zote. Ulinifundisha kuhesabu kwenye lile sinia, kwa maharage. Ulikuwa ukinipiga kofi nikiruka hatua."

Askari akasema dakika zimekwisha, ingawa zilikuwa saba.

*

Kuhusu noti ya Jubilei, haki itendeke: ilikuwa nzuri. Ila sheria ya nchi ile ilitaka sura ya Mtukufu Rais kwenye noti isiwe ndogo kuliko sura yake halisi, na sifuri yoyote isiwe ndogo kuliko sura yake, kwa kuwa hapakuwa na kitu nchini ambacho kingeruhusiwa kuonekana kidogo mbele ya kingine. Kwa sifuri ishirini na nne, noti ilifika urefu wa mita kumi. Mashine ya karatasi ikashindwa. Ikachapishwa kwenye kiwanda cha kanga, kwenye kitambaa cha pamba, rangi ya dhahabu na kijani, na kwa kuwa fundi wa kiwanda alikuwa amezoea kazi yake, akaweka pembeni na maandishi: SIMBA HALIWI NA KAMBARE. Ikakunjwa kama mkeka, ikafungwa utepe, ikaletwa kwenye sinia. Ilikuwa nyepesi. Mzee Lukindo alipoinyanyua nusura aanguke kwa kukosa uzito.

Katika mazoezi walifanya kila kitu isipokuwa kukunjua, kwa sababu Waziri aliogopa rangi isichuje. Ratiba ya sherehe ilikuwa na vipengele ishirini na viwili. Kipengele cha kumi na nne kilisema: "Mshika Sinia ataonyesha fedha, mbele na nyuma, pande zote mbili zione." Kilinakiliwa kutoka ratiba ya mwaka uliopita, ambayo ilinakiliwa kutoka ya mwaka juzi. Ofisa mmoja aliona hatari. Lakini ratiba ilikuwa imeshasainiwa na Mtukufu, na kufuta neno lililo juu ya saini yake ni uhaini. Ofisa akaomba likizo ya ugonjwa.

Siku ikafika. Jua kali, daraja limefagiliwa, watu maelfu kwenye kingo, bendi ya polisi, na redio mubashara. Mtangazaji hakuwa na kikohozi. Alikuwa amehakikishiwa kwamba mwaka huu hakuna namba.

Mzee Lukindo akatembea hadi katikati. Pazi alikuwa pale na sahani yake ya chai, mvi tupu, amekunja mgongo.

"Mtani," alisema Pazi, "mwaka huu umeniletea mkeka? Nani kafa?"

"Utaona. Una nguvu mikononi?"

"Za kubeba kambare mmoja."

"Shika ncha hii. Rudi nyuma polepole. Ukikanyaga nitakulaani."

"Mshika Sinia," ilinguruma sauti ya Waziri kwenye kipaza sauti, "ataonyesha..." Naye akasoma kilichofuata, midomo ikabaki wazi kama ya simba wa sarafu. Kilichoandikwa kilikuwa kimeandikwa. "...mbele na nyuma," akamalizia, kama mtu anayesoma wosia.

Mzee Lukindo akafunua kawa. Akavuta utepe. Pazi akashika ncha akaanza kurudi kinyumenyume, na noti ikafunguka. Kwanza ikatoka sura ya Mtukufu Rais, ikatembea hewani, ikavuka mstari wa mpaka bila pasi ya kusafiria, ikaingia nchi ya Kambare. Ikafuata moja. Ikafuata sifuri ya kwanza, duara kubwa la dhahabu, na ya pili, na ya tatu.

Ukingoni, mama mmoja aliyekuja na toroli lake la noti, maana alipanga kununua chumvi akirudi, akasema, si kwa nguvu, kama mtu anayejihesabia ngazi, "Nne."

Mwenzake akasema, "Tano."

"Sita!" wakasema watu kumi.

"Saba!" wakasema mia.

Waziri akaamuru bendi ipige wimbo wa taifa. Bendi ikapiga. Watu wakasimama wima, mikono ubavuni, kwa heshima zote, wakaendelea kuhesabu kwa mapigo ya ngoma. "Kumi na moja! Kumi na mbili!" Ng'ambo ya pili nao wakaitikia. Redio ilipeleka hesabu hiyo hadi vijiji vya mwisho, na yasemekana huko watu walisimama mashambani wakahesabu nao, jembe begani. Kule Chuoni redio ya mlinzi ilikuwa wazi.

Ishirini na nne ilipigwa kama radi. Mzee Lukindo alikuwa ameshika pindo la mwisho. Akamwashiria Pazi, wakageuza noti, wakaonyesha na nyuma. Nyuma palikuwa peupe. Fundi wa kiwanda hakuwahi kuambiwa kwamba fedha huwa na upande wa pili.

 Mzee akanyoosha mgongo wake wa taifa, akatamka kwa sauti iliyosikika kingo zote mbili, wazi, herufi kwa herufi, bila kupunguza wala kuongeza:

"Nimetoa mmoja, nimepokea mmoja, na ndivyo ilivyokuwa tangu awali."

Hapo ndipo watu walipocheka. Walicheka nchi mbili kwa pamoja, wakaegemeana, wakakaa chini. Tangu kuzaliwa kwa kambare hapakuwa pamesikika kicheko kama kile. Wa ng'ambo ile walicheka kwa niaba ya siku tatu walizochekwa. Wa ng'ambo hii walicheka kwa niaba ya miaka hamsini, na wengine walikuwa wanalia.

*

Mashtaka yaliwapa taabu. Hakuiba, hakutukana, hakuruka kipengele. Mwanasheria Mkuu alikesha na vitabu akatoka na kosa jipya: Kutii Kupita Kiasi. Kesi ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Kifungo, maisha, au hadi aelewe, lolote litakalochelewa zaidi.

Ikabaki ile amri ya Semeni. Waziri alitaka kuichana, lakini ilikuwa na saini. Baba ametamka maneno. Redio nzima ilisikia. Na Chuo nacho kilikuwa na sheria yake: idadi ya wanachuo imeripotiwa kwa Mtukufu, na idadi iliyoripotiwa kwa Mtukufu haipungui.

Kwa hiyo walikutanishwa langoni, asubuhi moja, baba akiingia, binti akitoka. Semeni alimshika mkono asiuachie.  Mkuu wa Chuo, mtu wa utaratibu, aliweka daftari juu ya meza, akaandika mstari, akausoma kwa sauti: "Nimetoa mmoja, nimepokea mmoja. Sahihi?"

Mzee Lukindo alivaa miwani. Namba asiyoiona imeandikwa hakuwa akiiamini, basi akainama, akausoma mstari mwenyewe, mara mbili. Kisha akamtazama binti yake, mwenye miaka thelathini na tisa, mwenye akili, mwenye mapafu ambayo yangepona hewani. Akajitazama mwenyewe: miaka sabini na minne, ngiri, meno manne.

"Baba," Semeni alinong'ona, "usiwajibu."

"Ngoja, mwanangu. Hii ni biashara." Akamgeukia Mkuu wa Chuo. "Miaka hamsini nimebadilisha fedha za nchi hii, na kila mwaka tulipunjwa. Leo ndiyo mara ya kwanza nimepata faida. Lete kalamu."

Akatia saini haraka, kabla kiwango hakijabadilika.